Nembo za Kofia za Jeshi la Uingereza na Bandia Zake

Nembo ndogo ya metali inayokaa mbele ya kofia ya askari wa Uingereza haina umri mrefu kama wengi wanavyodhani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, rejimenti za askari wa miguu zilijulikana kwa namba, na namba hiyo ndiyo iliyoonekana kwenye bamba kubwa la kofia ndefu ya gwaride, na baadaye kwenye kofia laini ya Kiskoti iliyovaliwa kambini. Mambo yalibadilika tarehe 1 Julai 1881. Mageuzi yaliyosimamiwa na Waziri wa Vita, Hugh Childers, yaliziunganisha rejimenti nyingi mbilimbili, yakazifutia namba na kuzipa majina ya kaunti. Rejimenti mpya ilihitaji alama mpya, na alama hizo zilichotwa kwenye historia ya vikosi vilivyounganishwa: swala wa Royal Warwickshire, simbamarara wa Leicestershire aliyetokana na miaka ya utumishi India, tunda la mwaloni la Cheshire, Sphinx wa Gloucestershire aliyekumbusha vita vya Misri vya 1801. Katikati ya miaka ya 1890 ilipotolewa kofia ya kukunja ya kazini kwa jeshi zima, alama hizo zilipunguzwa ukubwa zikawa nembo za kofia kama zinavyojulikana leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikahamia kwenye kofia ya duara yenye kipembe, iliyovaliwa pamoja na sare ya khaki.

Historia hii fupi ndiyo chombo cha kwanza cha mkusanyaji. Mtu anayeuziwa nembo ya kofia ya rejimenti ya kaunti na kuambiwa kwamba ilivaliwa katika vita vya Crimea vya miaka ya 1850 hahitaji lenzi wala mizani, kwa sababu wakati huo rejimenti yenyewe haikuwa na jina hilo, na nembo ya aina hiyo haikuwepo. Bandia nyingi huanguka katika hatua hii, kabla hata hazijashikwa mkononi.

Kazi ya kutengeneza nembo ilikuwa hasa kazi ya Birmingham. Mji huo ulikuwa na mafundi wa vifungo, vito na vyombo vya shaba tangu karne ya 18, na kampuni kama J. R. Gaunt & Son na Smith & Wright zilipata zabuni nyingi za jeshi. Fundi mchongaji alianza kwa kuchonga sura ya nembo kinyumenyume ndani ya kipande cha chuma kigumu. Hiyo ndiyo kalibu, na ilimchukua kazi nyingi ya mikono. Karatasi nyembamba ya shaba ya manjano iliwekwa juu ya kalibu, kisha nyundo nzito ya mashine ikaangushwa juu yake. Pigo moja halikutosha kwa nembo yenye kina kirefu. Shaba hukakamaa kwa kupigwa, kwa hiyo ilirudishwa motoni ikalainika, ikapigwa tena hadi kila unyoya wa ndege na kila jani la shada lilipojitokeza. Baada ya hapo ukingo ulikatwa kwa kifaa maalumu chenye umbo la nembo hiyo, na nafasi za katikati, kwa mfano kati ya matao ya taji au kati ya miguu ya mnyama, zikatobolewa. Nembo nyingi zilikuwa za metali mbili: sehemu moja ya shaba ya manjano, nyingine ya metali nyeupe iliyochanganywa kwa shaba, nikeli na zinki, zikaunganishwa kwa lehemu.

Utaratibu huu huacha ushahidi upande wa nyuma. Kwa kuwa karatasi ya metali ilisukumwa kutoka nyuma, mgongo wa nembo halisi huwa na bonde kila mahali ambapo uso una kilima. Simba aliyetuna mbele ameingia ndani nyuma. Ukingo ni mkali kiasi na unene wake ni mmoja, kwa sababu ulikatwa kwa pigo moja. Mkusanyaji mzoefu akipewa nembo huigeuza kwanza kabla ya kuutazama uso, na hiyo ni tabia ambayo kila anayeanza angefaa kuizoea mapema. Mwenye kughushi hushughulikia uso kwa sababu ndio unaouza, lakini mgongo huwagharimu wengi wao kazi ambayo hawako tayari kuifanya.

Mgongoni pia ndipo kilipo kishikizo, na vishikizo vina historia yao. Nembo za mwanzo zilikuwa na vipete viwili vya waya wa shaba vilivyolehemiwa nyuma. Vilipenyezwa kwenye matundu ya kitambaa, kisha pini ikapita ndani yake na kuifunga nembo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaenea ulimi, yaani kibamba kirefu cha metali kilichosimama wima nyuma ya nembo na kuchomekwa kwenye mkanda wa kofia. Maofisa wengi walikuwa na vibamba laini viwili vya kupenya kitambaa na kukunjwa. Hakuna aina iliyoifuta nyingine kabisa, na rejimenti kadhaa zilibaki na vipete muda wote kwa sababu ya aina ya kofia zao. Hata hivyo, nembo inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1890 huku ina ulimi mgongoni ni ya kutiliwa shaka kubwa. Ama imegongwa baadaye, ama kishikizo chake cha asili kimeondolewa, na muuzaji anapaswa kueleza ni lipi kati ya hayo mawili.

Taji ni kalenda nyingine. Chini ya Malkia Victoria, hadi alipofariki Januari 1901, nembo zilibeba taji ambalo matao yake mara nyingi yalionekana bapa au yamebonyea kidogo juu. Edward VII aliposhika kiti, alichagua umbo la Tudor lenye matao yaliyopanda na kuviringana kama kuba, na umbo hilo likatumika kwa wafalme wote hadi George VI. Elizabeth II alipopokea kiti mwaka 1952 aliamua kutumia taji la Mtakatifu Edward, ambalo matao yake huzama katikati. Kwa macho ya mgeni, taji la Victoria na la Elizabeth hufanana, na nembo za miaka ya 1950 zimeuzwa mara nyingi kwa bei ya zile za miaka ya 1890. Vishikizo, uzito na umbo la taji lenyewe likitazamwa kwa makini hutenganisha vipindi hivyo viwili.

Kosa la taji ndilo linalofedhehesha zaidi kazi ya kughushi. Machine Gun Corps iliundwa Oktoba 1915 na kuvunjwa 1922. Haikuishi siku hata moja chini ya malkia. Royal Flying Corps ilizaliwa 1912 na kumezwa na jeshi jipya la anga tarehe 1 Aprili 1918. Nembo ya kikosi chochote kati ya hivi iliyo na taji la Mtakatifu Edward haiwezi kuwa ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hata muuzaji alete hadithi gani ya babu yake.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilibadilisha kiasi na aina za nembo. Zaidi ya watu milioni 5 walipita katika jeshi la Uingereza kati ya 1914 na 1918, na kila mmoja alihitaji kitu cha kubandika kofiani. Miji na wafadhili walianzisha batalioni za marafiki waliojiandikisha pamoja, na baadhi ya batalioni hizo, kama zile za Leeds, Tyneside Scottish na Tyneside Irish, zilipata nembo zao wenyewe. Nembo hizo zilitengenezwa kwa muda mfupi na kwa idadi ndogo, halafu vikosi vilivyozivaa viliteketea katika mapigano ya Somme kuanzia Julai 1916. Uhaba na huzuni hiyo vimezipa bei kubwa, na bei hiyo imewavuta waghushi. Leo, kwa nembo za batalioni hizi, ni busara kudhani kuwa kila moja ni bandia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maneno hayo ni makali, lakini mkusanyaji anayeanzia upande wa pili atalipa sana.

Mwaka 1916 pia ulileta agizo la kubana matumizi. Nikeli ilihitajika kwenye silaha, kwa hiyo nembo zilizokuwa za metali mbili ziligongwa zote kwa shaba ya manjano, kipande kimoja, mara nyingi bila kutobolewa nafasi za ndani. Zinaonekana za kimaskini, na wanaoanza kukusanya huzikataa wakidhani ni feki. Kinyume chake ni kweli: ni nembo halali za vita, na nyingine ni adimu kuliko zile za metali mbili. Tatizo ni kwamba waghushi nao hupenda shaba tupu, maana huwaokoa na kazi ya kuunganisha vipande viwili. Ndiyo maana swali la kuuliza si kama nembo ni nzuri au mbaya, bali kama ubaya wake ni ule wa mwaka 1916.

Vita vya Pili vilirudia shida hiyo kwa njia nyingine. Kuanzia 1941 na 1942 rejimenti nyingi zilipewa nembo za plastiki za rangi ya kahawia, shaba au fedha, zenye vibamba vya kukunja nyuma, baadhi zikiwa na jina la A. Stanley & Sons wa Walsall. Plastiki haikupendwa na askari na nyingi zilitupwa, kwa hiyo zilizobaki zina thamani yake. Kaskazini mwa Afrika, vikosi vidogo vya jangwani vilipata nembo zao kwa mafundi wa Cairo. Nge wa Long Range Desert Group na upanga wenye mabawa wa Special Air Service, kikosi kilichoanza 1941, vilianza kazi yao huko, mbali na viwanda vya Birmingham na sheria zake za ubora.

Hapa kanuni ya mgongo wenye mabonde inapoteza nguvu. Fundi wa Cairo au wa soko la India hakuwa daima na kalibu ya kugongea. Alisubu nembo kwenye mchanga au kuchonga kwa mkono, na kazi yake ni halali kabisa kihistoria. Mkusanyaji anayesema kila nembo iliyosubiwa ni feki atazitupa baadhi ya nembo zenye historia nzito kuliko zote. Lakini mlango huo ulioachwa wazi ndio waghushi wanaoupitia. Hakuna maneno yaliyouza bandia nyingi kama haya: ilitengenezwa mahali pale pale na fundi wa huko. Nge wa jangwani ni miongoni mwa nembo zinazonakiliwa sana duniani, na bila ushahidi wa alikotoka, sura yake peke yake haithibitishi lolote.

Biashara ya bandia kwa kiwango kikubwa ilianza baada ya jeshi kuacha shaba. Mapema katika miaka ya 1950 zililetwa nembo za alumini iliyotiwa rangi kwa umeme, nyepesi na zenye mng'ao usiohitaji kusuguliwa. Mwaka 1957 serikali ilitangaza kupunguza jeshi, na kutoka 1958 rejimenti za kaunti zilipangwa katika brigedi ambazo wanajeshi wake walivaa nembo moja ya pamoja, huku rejimenti nyingi zikiunganishwa. Utumishi wa lazima ulikwisha. Wa mwisho kuitwa waliitwa 1960. Katika miaka michache nembo zilizokuwa zimezoeleka kila nyumba zikawa vitu vya jana. Wazee waliovaa nembo hizo waliwapa wajukuu, wajukuu wakaanza kukusanya, na bei zikapanda.

Kalibu hazikutupwa. Ziliachwa kwenye rafu za viwanda, zikauzwa pamoja na kampuni zilipobadili mikono, na baadhi zikarudishwa kazini kwa ajili ya soko la wakusanyaji. Nembo zilizotoka hapo zimegongwa kwa kalibu halisi, na wakati mwingine jina la J. R. Gaunt limepigwa kwenye ulimi. Uso wake ni ule ule. Kwa sababu hiyo nembo zilizogongwa upya ni hatari kuliko zile zilizosubiwa na mtu wa uani, na mjadala juu ya hadhi yake haujaisha. Wapo wanaosema kwamba nembo iliyotoka kwenye kalibu ile ile ni nembo ile ile. Hoja hiyo ni dhaifu. Anayekusanya nembo za kijeshi hakusanyi sura tu. Anakusanya kitu kilichotengenezwa ili kivaliwe na askari wa kikosi hicho, na kilichogongwa miaka 50 baada ya kikosi kuvunjwa hakikuwahi kuwa na kazi hiyo.

Zinatambulika kwa ishara ndogo zikikusanywa pamoja. Kalibu iliyokaa rafuni hushika kutu, na vishimo vya kutu ndani ya chuma hutoa vipele vidogo juu ya uso wa nembo. Kalibu iliyochoka hupasuka, na ufa huo huonekana kwenye nembo kama mstari mwembamba ulioinuka. Vifaa vya kukatia na kutobolea mara nyingi vilipotea hata pale kalibu ilipohifadhiwa, kwa hiyo nafasi za taji huachwa zimezibwa, au hukatwa kwa msumeno mwembamba na kuacha meno na mikwaruzo ya tupa. Metali huwa nyembamba au nene kuliko ya zamani, na rangi yake huelekea njano isiyo na wekundu. Ulimi huwa mgumu, umenyooka mno, hauna dalili ya kuwahi kuingia na kutoka kwenye kitambaa, na lehemu yake imemwagika pembeni. Ishara moja haitoshi kuhukumu. Tatu zikikutana, hukumu huwa rahisi.

Nembo iliyosubiwa ni rahisi zaidi kuijua. Mwenye kughushi huchukua nembo halisi, hutengeneza kalibu ya mpira au mchanga juu yake, kisha humimina metali iliyoyeyuka. Metali husinyaa inapopoa. Kwa shaba ya manjano upungufu ni kati ya asilimia 1 na 2. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, lakini kipimo cha kalipa kikilinganishwa na nembo isiyo na shaka hukidhihirisha, hasa katika nembo pana. Chini ya lenzi inayokuza mara 10, uso huwa na chembechembe kama mchanga au vishimo vya mapovu ya hewa. Herufi za utepe, ambazo kwenye nembo ya kugongwa zina kuta zilizosimama, huwa za mviringo kama sabuni iliyotumika. Mgongo huwa bapa au mzito bila mabonde, na ukingo huwa na mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au alama za tupa iliyouondoa mshono huo. Mizani hushuhudia pia, kwa kuwa nembo ya kusubiwa karibu daima ni nzito kuliko ya karatasi iliyogongwa.

Sumaku hufanya kazi finyu lakini ya uhakika. Shaba ya manjano na metali nyeupe ya nembo hazivutwi. Nembo inayorukia sumaku ina chuma ndani yake na imepakwa rangi tu. Kwa nembo za maofisa zilizotengenezwa kwa fedha kuna mihuri ya ukaguzi: nanga ya Birmingham, simba anayetembea, herufi ya mwaka. Muhuri halisi ulipigwa kwa patasi baada ya nembo kukamilika, hivyo mipaka yake ni mikali na metali imesukumwa pembeni. Ikisubiwa pamoja na nembo, mihuri huwa imefifia sawasawa na kila kitu kingine. Herufi ya mwaka nayo husomwa dhidi ya historia ya kikosi, na mara nyingine hutoa mwaka ambao kikosi kilikuwa bado hakijazaliwa.

Uzee wa uso ndio unaowadanganya wengi. Askari alisugua nembo yake kila siku, na dawa ya kung'arishia kama Brasso, iliyoanza kuuzwa mapema katika karne ya 20, iliacha unga mweupe uliokauka kwenye pembe za ndani. Msuguo hula sehemu zilizoinuka tu: pua ya simba, ncha ya taji, vifua vya herufi. Mabonde hubaki makali. Mwenye kughushi hutumbukiza nembo kwenye tindikali au huizika ardhini, na matokeo yake ni weusi uliotapakaa kila mahali kwa kiwango kimoja, pamoja na ndani ya lehemu mpya. Akitumia msasa, mikwaruzo huenda upande mmoja na kuingia hata pale kitambaa cha askari kisingefika. Nyuma ya nembo iliyovaliwa kwa miaka kuna mng'ao laini wa kusuguana na kitambaa cha kofia, hasa pembezoni. Alama hiyo haihitaji ujanja kuisoma, na ni vigumu kuighushi kwa bei inayolipa.

Kuna kundi la katikati ambalo si bandia wala si salama. Wakati wa vita wachumba na mama walibadilisha nembo kuwa bizimu kwa kuondoa vipete na kulehemu pini. Miaka mingi baadaye mfanyabiashara huondoa pini na kurudisha vipete ili kuipandisha bei. Nembo ni ya kweli, lakini mgongo wake umetengenezwa upya, na duara hafifu la lehemu ya kwanza mara nyingi bado linaonekana. Wengine huunganisha katikati ya nembo moja na taji la nyingine. Muuzaji mwaminifu husema, na bei hupungua kwa haki.

Nembo za kitambaa zina mashahidi wake. Uzi wa nailoni ulianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na polista ikaenea katika miaka ya 1950. Nembo ya tarizi ya 1916 yenye uzi wa namna hiyo imejihukumu. Ncha ya uzi ikichomwa, pamba huacha jivu laini, nailoni huyeyuka ikawa kidonge. Taa ya mwanga wa urujuanimno huufanya uzi wa kisasa ung'ae samawati, ingawa kitambaa cha kale kilichofuliwa kwa sabuni ya leo nacho hung'aa, kwa hiyo taa peke yake isipewe neno la mwisho. Karakana za Sialkot, Pakistan, hushona nembo za nyuzi za dhahabu kwa ustadi mkubwa, na hakuna udanganyifu katika kazi hiyo. Udanganyifu huanza pale mtu wa tatu anapoikunja, kuitia chai na kuiita ya 1943.

Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa njia ya King's African Rifles, iliyoundwa Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Alama yake ilikuwa baragumu lenye kamba, ishara ya kawaida ya askari wepesi wa bunduki. Kwenye tarbushi za askari ilionekana namba ya batalioni, kwa tarakimu za Kirumi au za Kiarabu kutegemea kikosi. Namba hizo husaidia sana. Batalioni ya 6 ya mwanzo ilivunjwa 1910. Ilipoundwa tena 1917, ilichukua askari wengi waliokuwa wamewatumikia Wajerumani. Mtu anayeuza nembo ya batalioni hiyo kama ya 1913 amejichagulia kipindi kibaya.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, batalioni za 6 na 26 zikawa Tanganyika Rifles. Januari 1964 askari waliasi katika kambi ya Colito, jeshi hilo likavunjwa, na Septemba mwaka huo Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaanzishwa. Miaka miwili na ushee ni maisha mafupi kwa nembo yoyote. Kitu kilichotolewa kwa batalioni mbili tu, kwa muda huo, hakiwezi kupatikana kwa mafungu kwenye minada, na kikionekana kwa wingi, wingi wenyewe ni ushahidi. Hali ni hiyo hiyo kwa tai wa metali aliyewekwa kwenye tarbushi za askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani lililoanzishwa rasmi 1891. Mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na kampuni 14 na askari wapatao 2,500 tu, likapigana miaka minne likiwa limefungiwa njia za bahari, likajisalimisha Abercorn Novemba 1918 nguo zikiwa zimechakaa. Tai waliosalia ni wachache, wanaouzwa ni wengi.

Katika eneo hili, asili iliyoandikwa ina uzito kuliko metali. Nembo iliyotoka moja kwa moja kwenye familia ya askari wa zamani, ikiwa na cheti chake cha kuachishwa kazi, medali yenye namba yake au picha aliyopiga akiwa na sare, ina jambo ambalo lenzi haitoi. Bahati mbaya wachuuzi wengi waliopita vijijini walinunua chuma na kuacha karatasi, na nembo na mwenyewe vikatengana. Familia zinazohifadhi vitu hivi hufanya vema kuandika jina la askari, kikosi na miaka ya utumishi, na kukiweka kila kitu pamoja, hata kama hawana nia ya kuuza kamwe.

Vifaa vya leo vimeongeza nguvu pande zote mbili. Mashine za kupima metali kwa miale ya eksirei husoma mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli bila kukwaruza kitu, na makumbusho kadhaa huzitumia. Kwa upande mwingine, kompyuta sasa huchonga kalibu mpya kutokana na picha za nembo halisi, na nembo hugongwa badala ya kusubiwa, hivyo mabonde ya mgongoni hayatoshi tena kama zamani. Mwaka 2022 Charles III alichagua tena umbo la Tudor, na nembo za jeshi zilizo na taji la kuba zinatengenezwa upya kihalali kwa mara ya kwanza tangu enzi ya babu yake. Rejimenti zilizobaki ni chache kuliko zile za 1952, na majina mengi si yale ya zamani, kwa hiyo nembo nyingi mpya hazitachanganywa na za kale. Kwa vikosi vichache vilivyohifadhi jina na alama yake, tofauti italazimika kusomwa kwenye aina ya metali, uzito, kishikizo na alama ya mtengenezaji.